Kibao cha shingoni na daftari la safu mbili: kumbukumbu za shule yetu ndogo ya Malindi

Ndugu uliyeuliza, umesema marehemu baba yako alikuwa akikusimulia habari za shule ndogo ya binafsi iliyokuwa karibu na ufuo wa Malindi, pwani ya Kenya, kwamba umepita huko usione hata alama yake, na unataka kujua kama ni kweli watoto walikatazwa kusema Kiswahili. Mimi nilisoma katika shule ya namna hiyo kuanzia mwaka 1980 hadi 1987, na huenda ndiyo hiyo hiyo. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya waliotufundisha wangali hai na sipendi kuwavunjia heshima. Jibu la swali lako ni kwamba tulikatazwa, tena kwa adhabu, lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyofuata ndiyo ninayotamani watoto wa wanafunzi wenzangu waijue.

Shule hizi ziliitwa za maandalizi kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa za walowezi wa Kiingereza, waliotaka watoto wao waandaliwe kwa mtihani wa Common Entrance, ambao ndio mlango wa kuingilia shule za bweni za Uingereza. Zilizojulikana zaidi zilikuwa bara, kama Pembroke House ya Gilgil, iliyoanzishwa mwaka 1927. Enzi hizo watoto walitenganishwa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waarabu kwao na Waafrika kwao, na baada ya uhuru Tume ya Ominde ya mwaka 1964, iliyochunguza elimu ya nchi, ikapendekeza utengano huo uondolewe. Nilipoingia mimi, shule yetu ilikuwa imebaki na jina la maandalizi na kawaida zake, lakini madawatini walikaa watoto wa wenye maduka, wa makarani wa hoteli, wa Wataliano, na sisi wa mitaa ya Shela na Barani ambao wazazi wetu walijinyima mengi ili walipe karo.

Jengo lilikuwa nyumba ya kupanga, ya mawe na chokaa, yenye vyumba sita na veranda mbili. Kengele ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mti wa mkungu uani, nayo ilipogongwa ilisikika mpaka kwa wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu mchangani. Binamu zangu wa shule ya serikali walikuwa wakinywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali ya Rais Moi, kwenye pakiti za pembe tatu, na sisi tukiwahusudu, kwani kwetu hayakuletwa. Alfajiri tulikwenda chuoni kusoma Kurani, kisha tukakimbia nyumbani kubadilisha kanzu kwa kaptura na soksi ndefu, na saa mbili kamili tukawa tumepanga mstari mbele ya mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Madam.

Sasa nikueleze juu ya kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu juu na kutiwa mshipi wa kuvulia samaki, na mtoto aliyesikika akisema neno la Kiswahili alivikwa shingoni mpaka amsikie mwenziwe akikosea, ndipo ampe. Aliyekuwa nacho kengele ya mwisho ilipogongwa alibaki kufagia madarasa yote. Mshipi ule ulikuwa mwembamba, na siku ya joto ulikata ngozi ya shingo. Lakini kilichoniuma kuliko mshipi ni kwamba kibao kilitufanya tuchungane sisi kwa sisi, rafiki akimtegea rafiki sikio wakati wa kucheza. Mara ya kwanza nilivikwa nikiwa darasa la pili, msimu wa mvua, wakati Mto Sabaki unapomwaga udongo na bahari ya Malindi kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilichungulia dirishani nikapiga ukelele, "Mai yamekuwa mekundu!" Bibi yangu aliyenilea alizaliwa Lamu, na nyumbani kwetu maji yaliitwa mai. Jioni hiyo nilifagia vyumba sita.

Wakati huo kibao kilikuwa na hoja yake, ingawa siikubali hata leo. Mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi haukuwa na karatasi ya Kiswahili, hivyo kwa Madam kila dakika ya Kiswahili ilikuwa dakika iliyopotea. Mambo yaligeuka mwaka 1985 ulipoingia mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Darasa la nane liliongezwa, veranda ya nyuma ikazibwa kwa makuti ili tupate pa kukaa, wazazi wakachangishwa kwa ajili ya vifaa vya useremala na mapishi, na KCPE, mtihani uliochukua mahali pa CPE, ikafanywa kwa mara ya kwanza, yenye karatasi saba na jumla ya alama 700. Kiswahili kilikuwa moja ya karatasi hizo saba, na hapakuwa na mwalimu hata mmoja pale aliyeweza kukifundisha.

Ndipo akaletwa Maalim, mzee wa mjini aliyezoeleka zaidi kwenye chuo kuliko kwenye ubao wa chaki. Kibao kiliondolewa bila kutangazwa. Siku moja hakikuwapo tu kwenye msumari wake. Sisi wa mitaani tulidhani karatasi hiyo tumekwisha kuishinda, tukaandika insha ya kwanza kwa majivuno. Yangu ilirudi imejaa wino mwekundu: nilikuwa nimeandika ndia badala ya njia, mato badala ya macho, kitwa badala ya kichwa. Mtoto wa karani kutoka bara, ambaye alijifunza lugha kitabuni, alinizidi alama.

Maalim aliona nyuso zetu. Alitwambia tufungue daftari jipya, tupige mstari katikati ya ukurasa, kushoto tuandike neno la nyumbani na kulia neno la mtihani. Akatusimulia kwamba mwaka 1928 palifanywa mkutano Mombasa kuchagua lahaja ya vitabuni, na ikachaguliwa ya Unguja, ndiyo maana maneno ya bibi zetu hayamo kwenye vitabu vya serikali. Hakupata hata siku moja kuiita safu ya kushoto makosa. Mtoto akimuuliza lipi lililo sahihi, alimjibu, "Unazungumza na nani?" Nimefundisha kwa miaka mingi baadaye, na sijaona njia iliyo bora kuliko ile ya kumfundisha mtoto lugha ya shule bila kumnyang'anya ya kwao. Katika KCPE ya 1987, Kiswahili ndicho kilichonipa alama za juu kuliko karatasi zote.

Shule yenyewe haikudumu sana baada ya hapo. Mwenye nyumba aliiuza katika miaka ya tisini, mkungu ukakatwa, na palipokuwa uwanja wetu pana nyumba za kukodisha wageni, kwa hiyo si ajabu kwamba hukuona alama. Ikiwa unatafuta ushahidi wa masomo ya baba yako, kufungwa kwa shule kusikuvunje moyo: ikiwa alifanya KCPE, kumbukumbu za matokeo huwekwa na Baraza la Mitihani la Taifa wala si na shule, na unaweza kuomba uthibitisho huko.

Daftari langu la safu mbili ninalo hadi leo, karatasi zake zimegeuka manjano na jalada limeliwa na mende. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la sita, ni mai upande wa kushoto na maji upande wa kulia. Niambie baba yako alikuwa darasa la mwaka gani, kwa sababu nyuma ya daftari hilo Maalim alituandikisha majina yetu sote, na ikiwa lake limo nitakupigia picha ukurasa huo.