Kabla Hujabonyeza "Tengua": Adabu za Kuhariri Wiki ya Gemu

Ugomvi mwingi ninaoukuta kwenye wiki za gemu, yaani tovuti za habari za gemu zinazoandikwa na kuhaririwa na wachezaji wenyewe, hauanzishwi na mwongo. Huanzishwa na watu wawili waliojaribu jambo lilelile ndani ya gemu, kila mmoja akajionea kwa macho yake, na majibu yao hayafanani.

Chukua miwa ya Minecraft, gemu ya kujenga dunia kwa vitalu. Miwa huota pembeni ya maji, na ukiiacha yenyewe hukua hadi kimo cha vitalu vitatu. Je, ukiutilia muwa unga wa mifupa, unakua papo hapo? Anayecheza toleo la Bedrock, lile la simu na la konso kama Xbox na PlayStation, atakwambia ndiyo, unafika kimo chake chote mara moja. Anayecheza toleo la Java kwenye kompyuta atakwambia hapana, unga haufanyi lolote. Wote wawili wanasema kweli. Sasa waweke kwenye ukurasa mmoja wa wiki ndogo isiyo na mtu wa kuipitia kila siku. Mmoja anaandika kwamba unga wa mifupa hukuza miwa. Mwenzake anafuta na kuandika "si kweli". Wa kwanza anarudisha. Wa pili anafuta tena, safari hii na neno la kuudhi juu yake.

Ukurasa wa namna hiyo niliukuta kwenye wiki moja ya mashabiki ninayochangia. Historia yake ilijaa majina mawili yakipokezana, na muhtasari wa kila badiliko ulizidi kuwa mkali kuliko uliotangulia. Katika mabishano yote yale hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake, "Wewe unachezea toleo gani?" Kilichomaliza mambo ni sentensi moja iliyoyataja matoleo yote mawili. Wahariri wenyewe walishaondoka, na mmoja wao hajarudi hadi leo. Huyo ndiye ninayemfikiria kila nikiandika mambo haya, kwa sababu alijua mengi kuhusu kilimo cha ndani ya gemu, na ile wiki imebaki bila ujuzi wake.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Wengi wetu tunacheza kwenye simu, na Minecraft ya simu ni Bedrock, ambayo kabla ya 2017 ilijulikana kama Pocket Edition. Wahariri wengi wakongwe wa wiki za Kiingereza walianzia Java, kwenye kompyuta. Kwa hiyo utasahihisha sentensi kwa nia njema kabisa, na kesho yake utakuta imerudishwa ilivyokuwa na mtu asiyekujua, asiyekuchukia, na anayeamini kwa dhati kwamba umekosea. Java ilibadili mapigano mwaka 2016 lilipotoka toleo lake namba 1.9: ukipiga upanga haraka haraka, pigo linakuwa dhaifu mpaka usubiri kidogo. Bedrock haina subira hiyo. Mtu aliyejifunzia upanga kwenye simu akisoma ukurasa ulioandikwa na mtu wa Java, ataona umejaa makosa.

Dawa yake ni nyepesi, ila lazima iwe mazoea. Kabla hujahariri, tazama namba ya toleo kwenye skrini ya kwanza ya gemu: Bedrock huiweka pembe ya chini kulia, Java pembe ya chini kushoto. Iandike. Fungua dunia mpya isiyo na modi (nyongeza za mashabiki zinazobadili gemu) wala kifurushi cha mtu mwingine, jaribu tena jambo unalotaka kuandika, piga picha ya skrini. Ukifika kwenye wiki, andika kwamba jambo hili ni la toleo fulani. Usiandike "Minecraft iko hivi" kama umejaribu upande mmoja tu.

Halafu kuna kile kisanduku kidogo cha muhtasari kilicho jirani na kitufe cha kuhifadhi. Kijaze. Kila mara. Anayefuatilia orodha ya mabadiliko ya karibuni huona jina lako, ukubwa wa badiliko na muhtasari huo, basi. Ukifuta aya nzima bila neno, unafanana na mharibifu, hata kama aya ilistahili kufutwa. Ukiandika "nimejaribu Bedrock, toleo fulani, haifanyi kazi hivi", umempa mtu sababu ya kufikiri kabla hajakutengua, yaani kabla hajaurudisha ukurasa ulivyokuwa.

Na ukitenguliwa? Hapa ndipo penye kazi.

Kuna kijana tuko naye kundi moja la WhatsApp la wapenzi wa gemu. Juzi alinitumia ujumbe: "Kaka, wamenifutia tena! Nairudisha sasa hivi." Nikamjibu, "Tulia mdogo wangu. Fungua historia kwanza, usome alichoandika aliyekufutia." Akafungua. Yule mhariri alikuwa ameandika kwamba habari ile ipo tayari kwenye ukurasa mwingine, na akaweka kiungo. Hakuna aliyesema kijana ni mwongo. Ujumbe wake ulikuwa sahihi, mahali ndipo hapakuwa pake.

Wiki nyingi za gemu zimeazima desturi kutoka Wikipedia ya Kiingereza: hariri bila woga, ukitenguliwa usirudishe, nenda ukurasa wa majadiliano mkazungumze. Wikipedia hiyo ina pia sheria, tangu 2004, kwamba mtu asitengue zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Wengi huielewa vibaya sheria hii. Wanaihesabu kama haki ya kutengua mara tatu, wakati yenyewe ni mpaka wa mwisho, na mtu anaweza kufungiwa kwa vita vya kuhariri hata kabla ya kuufikia. Ushauri wangu ni mkali kidogo kuliko sheria yenyewe: ukitenguliwa mara moja na mtu ambaye si mharibifu, usiguse tena sentensi ile mpaka mmezungumza. Hata kama una hakika. Hasa kama una hakika, maana ndipo mkono unapokuwa mwepesi.

Maneno ya kuanzia mazungumzo yana uzito wake. Mimi huandika hivi, kwa Kiingereza changu cha kawaida, na hapa naweka maana yake: "Habari. Nimeona umeondoa sentensi yangu kuhusu unga wa mifupa. Nilijaribu kwenye Bedrock ya simu, dunia mpya, bila modi, na muwa ulikua. Wewe ulijaribu kwenye toleo gani?" Salamu, jambo, nilichofanya, swali. Simwambii kwamba amekosea. Simwambii nimecheza gemu hii tangu lini. Swali la mwisho linampa nafasi ya kujibu bila kujitetea, na mara nyingi jibu lake ndilo linalofichua kwamba tulikuwa tunazungumzia mambo mawili tofauti. Kisha subiri. Anaweza kuwa analala huku wewe umeamka, anaweza kuwa na mitihani. Mpe siku kadhaa kabla hujasema kwamba amekaa kimya.

Uwe na akaunti. Hili nalisisitiza kwa wenzangu wanaotumia bando la simu. Wiki nyingi zinazoendeshwa kwa programu ya MediaWiki humtambulisha asiye na akaunti kwa anwani yake ya IP, yaani namba ya muunganisho wake wa intaneti, na mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya kutumia kwa pamoja. Mtu usiyemjua akiharibu kurasa na anwani ile ikafungiwa, wewe uliye mji mwingine utakuta huwezi kuhariri, na utadhani umechukiwa. Ukiwa na akaunti, kazi yako inabaki na jina lako, na unaweza kuandikiwa ujumbe. Ila akaunti iwe moja. Kutoka kwenye akaunti na kurudi bila jina ili ujiunge mkono mwenyewe kwenye mjadala ni udanganyifu, na ukigundulika hata hoja zako za kweli hazitasikilizwa tena.

Lugha nayo inaumiza watu. Wengi wetu Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, na kuona sentensi uliyoihangaikia imepanguliwa yote kunachoma. Tazama vizuri kilichobadilishwa kabla ya kukasirika. Kama taarifa yako imebaki na maneno tu ndiyo yamenyooshwa, mchango wako umekubaliwa. Wiki nyingi zina mwongozo wa mtindo unaoamua hata mambo madogo kama tahajia ya Uingereza au ya Marekani, na mtu anayefuata mwongozo huo hajakudharau. Nami nawaomba wanaonyoosha lugha waandike hivyo kwenye muhtasari, "nimerekebisha lugha tu, taarifa ni nzuri". Maneno hayo machache yamewafanya wageni wengi wabaki.

Ugomvi wa aina nyingine ni wa chanzo, na huu ni mgumu zaidi. Mfano maarufu ni Herobrine, yule mtu mwenye macho meupe ambaye hadithi yake ilianza kusambaa 2010. Hajawahi kuwemo kwenye Minecraft. Lakini watengenezaji wenyewe, kwa utani, wameandika mara nyingi katika orodha za mabadiliko kwamba wamemwondoa Herobrine. Mgeni anakuja na orodha hiyo mkononi: chanzo rasmi kabisa, kinasema ameondolewa, basi alikuwepo! Ukimjibu kwa kumcheka, umempoteza. Mweleze kwamba faili za matoleo ya zamani zimechunguzwa na watu wengi na hamna kitu, na kwamba maneno yale ni utani wa studio unaojirudia. Kisha mwonyeshe pa kuandika habari za Herobrine kama hadithi ya mashabiki, kwa sababu hadithi hiyo nayo ni sehemu ya historia ya gemu na inastahili ukurasa mzuri.

Na ukiwa wewe ndiye unayekipa kitu jina, sema. Gemu za zamani zimejaa maadui na vyumba visivyo na majina rasmi, na wahariri hulazimika kuyabuni ili ukurasa uwe na kichwa. Super Mario Wiki huweka alama kwenye majina ya namna hiyo ili msomaji ajue ni ya kukisia. Mwaka 2018 kilipotoka kwa Kiingereza kitabu rasmi cha ensaiklopedia ya Mario, mashabiki waligundua ndani yake majina waliyoyabuni wenyewe kwa ajili ya wiki yao. Fikiria usumbufu uliofuata: jina la kukisia limo kwenye kitabu chenye idhini, je, sasa ni rasmi? Angalau Super Mario Wiki ilikuwa na alama zake na historia ya kurasa, wakaweza kuonyesha nani alianza kuliandika jina na lini. Wiki isiyoweka alama isingeweza kujitetea.

Kuhusu wasimamizi, nitasema kidogo. Kazi yao ni kuzuia uharibifu na kutuliza ugomvi. Hawana neno la mwisho kuhusu kinachotokea ndani ya gemu. Usimkimbilie msimamizi kusema "fulani amekosea kuhusu miwa"; mwendee pale fulani anapotukana au anapokataa kuzungumza. Nawe ukiwa msimamizi na ni mmoja wa wanaobishana, usifunge ukurasa mwenyewe. Mwite mwenzako.

Wakati mwingine mgogoro unakuwa wa jamii nzima. RuneScape Wiki, ya gemu ya RuneScape, ilihama Wikia, kampuni inayohifadhi wiki za mashabiki ambayo leo ni Fandom, mwaka 2018, na Septemba 2023 jamii ya Minecraft Wiki nayo ikahama Fandom kwenda anwani yake yenyewe, minecraft.wiki. Waliweza kuondoka na maandishi yao kwa sababu leseni yake ya Creative Commons inaruhusu kunakili, ilimradi waandishi watajwe na masharti mengine yafuatwe. Nakala ya zamani ilibaki palepale. Hapo ndipo nilipoona watu waliohariri pamoja kwa miaka wakiitana wasaliti, na iliniuma. Aliyebaki ana sababu zake, aliyehama ana zake. La muhimu kwako ni kuangalia tarehe ya badiliko la mwisho kabla ya kuamini ukurasa wowote, na kutonakili aya za upande mmoja kwenda mwingine bila kutaja zilikotoka. Tena leseni hazifanani. Ya Minecraft Wiki inakataza matumizi ya kibiashara, ya Wikipedia inayaruhusu, kwa hiyo aya za Minecraft Wiki huwezi kuzihamishia Wikipedia kama zilivyo hata ukitaja chanzo.

Kuna mijadala utakayoshindwa ingawa ulikuwa na hoja nzuri. Wenzako wameamua jedwali liwe hivi, kichwa kiwe vile. Ukishasema lako mara moja, vizuri, na vipimo vyako, liache. Usiufute mchango wako kwenye majadiliano kwa hasira. Acha hapo namba ya toleo, picha na hatua ulizofuata. Mojang, watengenezaji wa Minecraft, wamekuwa wakizipunguza tofauti kati ya Java na Bedrock kidogo kidogo, na kila badiliko la aina hiyo hufufua maswali yaliyokuwa yamefungwa. Mhariri atakayekuja kujaribu upya atahitaji kujua ulijaribuje, na ataanzia ulipoishia.