Maswali na majibu: Anayesaga meno usiku

Mume wangu anasaga meno usiku mpaka naamka. Asubuhi nikimwambia, anakataa katakata. Ananidanganya?

Hakudanganyi. Anayesaga meno usingizini hajui, ndiyo maana shahidi huwa ni anayelala naye. Ubongo huzinduka kidogo bila mtu kuamka, mapigo ya moyo yakaongezeka, kisha misuli ya taya ikakaza.

Ushahidi upo mdomoni mwake. Asimame mbele ya kioo, atazame ncha za meno ya chonge: zimechongoka au zimekuwa bapa? Atoe ulimi, kingo zake zikiwa na mabonde mabonde, hizo ni alama za meno. Ndani ya shavu huenda kuna mstari mweupe usawa wa meno yanapokutana. Akiamka na taya zito au kichwa kinachouma kwenye panja, hapo hana tena cha kukataa.

Na wewe nijibu: anakoroma, kisha anakata pumzi kwa muda na kuivuta kwa kishindo? Kama ndivyo, amwone daktari apimwe usingizi. Kukatika pumzi usingizini huandamana na kusaga meno mara nyingi, na hatari yake ni kubwa kuliko ya meno.

Mwanangu wa miaka 5 anasaga meno. Naambiwa ana minyoo.

Imani hii imeenea sana, lakini kusaga meno peke yake si dalili ya kutegemea kujua kama ana minyoo. Watoto wengi husaga, na wengi huacha wenyewe meno ya utotoni yanapong'oka na ya ukubwani kuota. Mpeleke akilalamika maumivu, meno yakipungua urefu, au akilala mdomo wazi huku akikoroma.

Usiku sina shida. Ila nikiwa kwenye kompyuta najikuta nimeuma meno kwa nguvu.

Afadhali wewe, kwa sababu wa mchana anaweza kujizuia. Watu wengi hudhani meno yanatakiwa kugusana muda wote mdomo ukifungwa. Sivyo. Yana kazi ya kukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Muda mwingine midomo ifungwe, meno yaachane, ncha ya ulimi ipumzike kwenye kaakaa nyuma ya meno ya juu.

Bandika kikaratasi chenye rangi pembeni ya skrini. Kila jicho likikiangukia, kagua taya. Ukikuta umeuma, toa pumzi taratibu, liachie. Usijigombeze, kujigombeza nako kunakaza misuli. Acha pia kutafuna kalamu, kucha na bazoka kutwa nzima.

Nilianza dawa za sonona, tangu hapo taya linauma kila asubuhi. Niziache?

Usiziache. Baadhi ya dawa hizo, kama fluoxetine na sertraline, zinaweza kuleta kusaga meno. Mweleze aliyekuandikia, na umtajie tarehe uliyoanza. Anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia, lakini kuziacha ghafla kuna madhara yake.

Nikivaa kinga ya meno usiku, nitaacha kusaga?

Pengine hutaacha. Utasaga plastiki badala ya jino, na hiyo ni faida kubwa: plastiki ikiisha hutengenezwa nyingine, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikiisha haioti tena. Mimi napendelea ile ngumu ya kupimiwa na daktari wa meno. Za mpira laini zilizo tayari hazikai sawasawa, na kuna watu huzitafuna usiku kucha. Ioshe kwa maji ya baridi, kwani ya moto huipinda.

Kahawa na pombe vinachangia?

Ndiyo, na sigara pia. Anza kwa kuacha pombe ya kabla ya kulala.

Taya langu linalia "ka" nikipiga miayo. Niogope?

Mlio usio na maumivu si wa kuogopa. Ila mdomo ukigoma kufunguka, au ukifunguka ukakataa kufunga, usijaribu kulirudisha taya mwenyewe. Nenda hospitali siku hiyohiyo.