Mapango ya Amabere: wapeleke watoto, ila msiende mbio mbio

Dada uliyeuliza kama Desemba hii uwapeleke wanao wa miaka saba na kumi kwenye mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru, karibu na Fort Portal magharibi mwa Uganda, au wataona mawe tu na kuchoka: wapeleke. Mimi nilikwenda karibu kila Desemba ya utoto wangu, tangu 1988 hadi 1995.

Baba alikuwa mtu wa reli Kasese. Kotani tulikuwa makabila yote, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea. Shangazi aliolewa Fort Portal, Watooro, wenyeji wa huko, wakampa empaako, yaani jina lao la heshima na upendo, ya Adyeri, nasi tukamwita Shangazi Adyeri. Tulipanda teksi alfajiri, wadogo wamepakatwa, milima ya Rwenzori kushoto kwetu imejifunika mawingu. Kesho yake tulikwenda kwa miguu, kilomita kama nane, tukipita Nyakasura, mama amebeba matoke na firinda, maharage yaliyomenywa na kupondwa, kwenye majani ya mgomba.

Nikuambie mapema, pango lenyewe si kubwa. Anayetarajia shimo refu la giza atavunjika moyo. Ni kama baraza ya mwamba karibu na maporomoko ya maji, ina nguzo za mawe, na darini yananing'inia mawe yenye umbo la matiti yanayodondosha maji meupe. Hayo ndiyo amabere, yaani matiti kwa Kitooro.

Kilichotufanya tukae pale saa nzima bila kulalamika ni Shangazi. Alitukalisha, akasubiri tunyamaze mpaka tusikie matone, ndipo akaanza. Mfalme Bukuku aliaguliwa kwamba mtoto wa binti yake Nyina Mwiru ndiye atakayemuua. Akamfungia binti, akamkata matiti. Mtoto akazaliwa hata hivyo, naye ni Ndahura, akanyonya matone ya pango hili. Alipokua akamuua babu yake kwa mkuki, akatawala, na ukoo wake ndio Wachwezi, wale watawala wa kale wa hadithi zetu. Shangazi alipofika kwenye kunyonya alituambia tukinge viganja. Lile tone baridi mkononi ninalikumbuka kuliko zawadi yoyote ya Krismasi.

Ukubwani ndipo nilipoelewa weupe ule. Volkano za Fort Portal zilimwaga majivu yenye chokaa nyingi, jambo adimu duniani. Mvua ikipenya huyeyusha chokaa hiyo, na kila tone linaponing'inia huacha chembe kabla ya kudondoka. Waeleze watoto hili pia, lakini baada ya hadithi.

Wavalishe viatu visivyoteleza, maana mawe yana unyevu, na chukueni mtembezaji wa hapo hapo. Popo wasiguswe. Pango la popo la msitu wa Maramagambo, kule hifadhi ya Queen Elizabeth, ni habari nyingine kabisa: mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki kwa Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, baada ya kuingia humo. Huko usiwaingize watoto.

Na uwakataze kuvunja. Mwaka 1991 kaka yangu alikata ncha ya jiwe moja, urefu wa kidole changu cha mwisho, akaificha mfukoni. Shangazi aliiona tukiwa njiani kurudi. Hakufoka. Aliishika muda mrefu, kisha akamwuliza baba kama tunaweza kurudi. Tukarudi wote, jua linazama, kaka akailaza chini ya pale alipoivunja. Mwaka uliofuata alikimbilia pale kabla ya kitu kingine, aone kama limeota. Halikuota. Wala 1995, ambayo ilikuwa safari yetu ya mwisho, kwa sababu mwaka uliofuata waasi walianza kushambulia upande wetu na baba hakuthubutu tena kutusafirisha.

Nilirudi pale na wanangu miaka miwili iliyopita. Jiwe lile nililijua mara moja. Ncha bado butu, na tone limening'inia.