“Umekula?”: swali linalohitaji kuulizwa upya kabla ya dawa ya usingizi

Mgonjwa wa kwanza kunitapikia kwenye meza ya upasuaji alikuwa kijana wa ngiri ambaye nilikuwa nimemwuliza kama amekula, naye akanijibu kwamba hajala tangu jana usiku. Mara tu alipopoteza fahamu, uji ulimjaa kinywani. Niliinamisha meza upande wa kichwa, nikamgeuza ubavu na kufyonza, na namshukuru Mungu kwamba mashine ya kufyonzea ilikuwa imekwisha kujaribiwa asubuhi ile na mrija wake uko chini ya mto. Kijana alipona, lakini baada ya siku kadhaa za oksijeni na homa ya mapafu. Alipopata nafuu alinieleza kwamba alfajiri mama yake alimpelekea kikombe cha uji, na nikaelewa kwamba hakunidanganya hata kidogo, kwa sababu kwetu uji tunaunywa, hatuuli.

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kutoa dawa ya usingizi katika hospitali za wilaya, nawaomba mliache swali hilo la “umekula?” na badala yake mumwulize mgonjwa ni kitu gani cha mwisho kilichopita kinywani mwake, na kilipita saa ngapi. Kisha tajeni wenyewe: uji, chai, maziwa, muwa, machungwa, dawa za kumeza. Mtu aliyelala usingizi wa dawa hawezi kukohoa wala kumeza ili kulinda njia yake ya hewa, na tindikali ya tumboni ikiingia mapafuni huunguza. Kwa upasuaji uliopangwa tunataka zipite angalau saa 6 baada ya chakula chepesi, na uji na chai ya maziwa vihesabiwe humo. Saa 4 baada ya maziwa ya mama. Na saa 2 baada ya maji au chai ya rangi. Chakula kizito chenye mafuta kinahitaji muda mrefu zaidi. Mjamzito mwenye uchungu, aliyevunjika mguu njiani na mwenye utumbo ulioziba wahesabuni kuwa wameshiba, hata wakisema wamefunga siku nzima, kwa kuwa uchungu na maumivu hulichelewesha tumbo kumwaga kilichomo.

Msivuke mpaka upande wa pili pia. Mtoto aliyekatazwa hata maji tangu usiku, kisha akaitwa adhuhuri, hufika amekauka midomo na mishipa yake haionekani.

Jambo jingine ni saa zenyewe. Faili zetu zina saa za aina mbili, na agizo la “asile baada ya saa 6” huweza kusomwa na mmoja kuwa usiku wa manane na mwingine kuwa alfajiri. Andikeni kwa ukamilifu, “saa 6 usiku, yaani 00:00”, na mzungumze na muuguzi wa wadi uso kwa uso.

Kuhusu dawa za mitishamba, hasa zile wanazopewa wajawazito ili kuharakisha uchungu, sijapata jibu la kweli pale nilipouliza mbele ya ndugu au kwa sauti ya kukaripia. Nasubiri tubaki wawili, naanza na shikamoo kama ni mtu mzima, ndipo nauliza. Mtazameni na vidole. Huku pwani bibi harusi na mama wengi hupaka piko, ile rangi nyeusi ya urembo, na weusi ule huweza kuzuia mwanga wa oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, hata kikaonyesha namba isiyo kweli au kisionyeshe kitu. Jaribuni kidole kisichopakwa, au ndewe ya sikio, kabla hamjaanza.

Kwa mama anayechomwa ganzi ya mgongoni ili afanyiwe upasuaji wa kujifungua, mazungumzo hayakomi dawa ikishaingia. Nimkalie karibu na kichwa, nimwambie mapema kwamba atasikia kuvutwa na kusukumwa ingawa hatasikia makali ya kisu, na niendelee kumwuliza, “Mama, unajisikiaje?” Akisema anasikia kichefuchefu au kizunguzungu, usikimbilie kumpa dawa ya kuzuia kutapika, pima presha papo hapo, kwa maana mara nyingi maneno hayo hutangulia namba ya mashine. Hakikisha amelazwa ameegemea kushoto ili tumbo lisiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ongeza maji ya dripu, na efedrini, dawa ya kupandisha presha, iwe tayari ndani ya bomba la sindano lililoandikwa jina la dawa hiyo, si bado ndani ya kichupa kabatini. Mama mmoja aliniambia tu, kwa sauti ndogo, “Daktari, naona giza,” huku mashine ikiwa bado inajaza hewa mkononi mwake. Presha iliposomeka ilikuwa 70 kwa 40, na efedrini ilikuwa imeshaingia.