Lincoln hakwenda shule, kwa hiyo na mimi niache chuo?

SWALI: Habari wakili. Nipo mwaka wa pili sheria na ada imekuwa shida. Kwenye semina moja tuliambiwa Abraham Lincoln hakusoma, alifeli biashara, alifeli kila uchaguzi, akajisomea sheria mwenyewe akawa wakili mkubwa na mwisho rais wa Marekani. Kuna jamaa ananiita ofisini kwake nikaandikie watu hati, anasema nitajifunza humo humo. Nikiacha chuo nitakosea?

JIBU: Mdogo wangu, usiache. Kama ada imekuzidi nenda kwa mshauri wa wanafunzi uulizie kuahirisha mwaka, utafute hela kwanza. Ila hiyo stori ya Lincoln naisikia kila nikikaa na vijana na kila mara inaniuma, inasimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndo yenye kazi.

Ni kweli darasani alikaa kidogo mno, ukijumlisha vipande vyote vya utotoni haifiki mwaka. Ni kweli duka lake na William Berry pale New Salem lilikufa likamwachia madeni ya kulipa miaka. Lakini "kila uchaguzi"? Mwaka 1832 alikosa kiti kwenye bunge la jimbo la Illinois, halafu akashinda 1834, 1836, 1838 na 1840. Mara nne mfululizo! Kwenye zile orodha za kufeli kwake hizo nne huzikuti.

Sasa hiyo ya "alijisomea", watu wanaisema kana kwamba aliamka asubuhi akafungua ofisi. Illinois ya wakati ule haikudai digrii, mawakili wengi waliingia kwa kusoma vitabu tu. Yeye aliazima vya John Todd Stuart, wakili wa Springfield, akawa anasoma huku anafanya kazi ya posta na kupima ardhi. Machi 1836 mahakama ikathibitisha kwamba ana tabia njema, Septemba akapata leseni, na tarehe 1 Machi 1837 ndo jina lake likaingia kwenye orodha ya mawakili. Unaona? Hakuruka hata ngazi moja ya sheria ya wakati wake. Ngazi zako wewe leo ni digrii, Law School (mafunzo ya vitendo ya uwakili), kisha kuapishwa.

Na hata hapo hakujifanya anajua, alikaa na Stuart mpaka 1841, akaenda kwa Stephen Logan mpaka 1844, na Logan ndiye aliyemnyoosha kwenye kuandaa kesi, ndipo akafungua ofisi yake na William Herndon na kuendelea kuzunguka mahakama za wilaya kwa farasi.

Chukua kesi ya Duff Armstrong, Beardstown, 1858, kijana ameshtakiwa kwa kuua na Lincoln ndiye anamtetea. Shahidi Charles Allen anasema aliliona pigo saa tano hivi usiku kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu. Lincoln hakumkatisha, alimwacha aurudie huo mwezi mpaka ukakaa masikioni mwa wazee wa baraza, ndipo akatoa almanaka ya 1857, kitabu cha kalenda chenye nyakati za mwezi: saa ile mwezi ulikuwa chini, karibu kuzama. Armstrong akaachiwa. Kwenye semina wataita kipaji, mimi naona mtu aliyekitafuta hicho kitabu kabla hajaingia mahakamani na akajua akikitoa mapema shahidi atageuza maneno.

Huyo jamaa anayekuita, mtaani tuna jina lake, kishoka, yaani anayefanya kazi za uwakili bila kuwa wakili. Na hili nawaambia wote mnaosoma hapa. Mwaka jana alinijia mama mmoja na kesi ya kiwanja, kishoka alishapokea hela ya rufaa, kila akipigiwa simu anasema jalada bado lipo masijala, mpaka siku za kukata rufaa zikapita, na mama mkononi ana karatasi yenye muhuri wa wakili ambaye alishafariki. Nilikaa naye naiangalia ile karatasi sijui nimwanzie wapi.

Mtu akijiita wakili muombe jina kamili na namba yake ya uwakili, mtafute kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wenye orodha ya mawakili, kabla hujatoa hata shilingi. Akinuna chukua nyaraka zako uondoke, tena hakikisha unaondoka na hati halisi, yeye abaki na kopi.