Nimwambie mama mkwe kwamba gauni ni la mtumba?

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 26, nimezaliwa Tandika, sasa ni mhasibu katika ofisi moja Posta. Mama anauza mitumba Karume, na mitumba ndiyo iliyonisomesha mpaka chuo. Nguo zangu za kazini ananichagulia yeye. Mwezi uliopita mchumba wangu alinipeleka kwao Mbezi Beach kunitambulisha. Mama yake akalisifia gauni langu, akauliza nimelinunua wapi. Nikasema Mlimani City. Tukiwa mezani, baba yake akasema mitumba ipigwe marufuku, imeua viwanda vyetu. Mama mkwe akadakia kuwa yeye hawezi kuvaa nguo za maiti. Nikanyamaza. Mwezi ujao wanaleta posa na watamkuta mama. Nifanyeje?*
*Binti wa Tandika*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale uliponyamaza roho inaniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nimeuza magauni Karume miaka tisa.

Nikuulize: umewahi kumwona mama yako akifungua belo? Alfajiri, kabla jua halijatoka, anakata ile mikanda na kilo 45 za nguo zilizokandamizwa zinafura mbele yake, harufu ya dawa inampanda puani. Pesa ya belo ameshalipa, pengine ya mkopo wa kikundi, na hajui ndani kuna nini. Anavuta gauni, analigeuza ndani nje, anaangalia mshono wa kwapani, anapandisha zipu na kuishusha. Akikuta madoa analitupa fungu la buku buku. Akikuta zima, lenye bitana, mkono unasita, maana lile ndilo la kurudisha mtaji. Gauni lako lilitoka kwenye fungu hilo. Aliliona, akaliweka pembeni, akakuletea wewe. Mama mkwe amesifia jicho la mama yako, na sifa hiyo wewe umewapa wenye duka.

Hili la maiti usilibebe. Najua tangu zamani watu wanaziita kafa Ulaya, na mwaka 2023 hata Rais Museveni wa Uganda alisema ni nguo za wafu alipotangaza kuzipiga marufuku. Lakini nyingi zimetolewa na watu walio hai, waliochoka nazo wakazipeleka kwenye mashirika ya misaada, na mashirika yakauza kwa kilo kwa wafanyabiashara. Nimewahi kuchambua masweta yenye vibandiko vya bei vya dukani bado vinaning'inia. Na hao mabinti wa mjini wanaouza Instagram, wanachukua kwetu Karume, wanafua, wanapiga pasi, wanapiga picha, wanapandisha bei mara tatu. Wanunuzi wao wengi wanakaa hukohuko Mbezi na Masaki.

Baba mkwe yeye nitamjibu kwa heshima, kwa sababu anachokililia ni cha kweli. Nami nimekua nikiona kanga za Urafiki, na najua Mwatex ilivyokuwa fahari ya Mwanza. Ila mwaka 1983 nilikuwa na miaka 12, na viwanda hivyo vilikuwepo, lakini nguo hazikuwepo. Fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikosekana, mashine zikasimama. Mama yangu alipanga foleni ya kanga tangu usiku, akarudi na doti moja tuliyogawana na dada yangu. Mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa, ndipo mitumba ikaanza kumiminika. Ilivikuta viwanda vinachechemea, na kweli ikavimalizia nguvu, hilo silikatai. Lakini leo ukiipiga marufuku, mwenye shilingi elfu tano atakwenda Kariakoo kununua blauzi mpya ya China inayochanika wiki ya pili. Urafiki haitafufuka kwa hilo.

Na siasa yake ni nzito kuliko tunavyoizungumza mezani. Machi 2016 marais wetu wa Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo hizo wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kupoteza nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru kupitia AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikashikilia hapohapo, na mwaka 2018 Marekani ikaifungia nguo zake nafasi hiyo. Kwa hiyo baba mkwe akitaka viwanda, awadai wenye madaraka pamba yetu isokotwe hapa. Mama yako na meza yake hawakukata shauri hilo.

Sasa la kufanya. Mchumba mwambie leo, usimwachie ajue mwenyewe. Kisha mpigie mama mkwe kabla ya posa, usisubiri siku yenyewe, maana ninachokiogopa ni hiki: amekaa sebuleni kwenu, anamwambia mama yako, "Binti yako alivaa gauni zuri la Mlimani City." Mama yako atalijua ni gauni gani. Hatasema kitu, atainuka kwenda kuongeza chai.

Usianze kwa kujitetea. Sema: "Mama, shikamoo. Lile gauni ulilolipenda alinichagulia mama yangu, anauza mitumba Karume. Siku ile niliona aibu kusema, naomba unisamehe." Kisha nyamaza, mwache ajibu. Akicheka, mwulize anavaa saizi gani. Akinuna, mpe muda, na mchumba wako uone anasimama wapi.