Wadogo zangu wa chensoo (msumeno wa injini), kabla hamjaomba mashine kubwa someni hapa

Jamani nawapenda lakini wiki hii mmenimaliza. Kijana mpya anakata gogo, moshi unatoka kwenye mkato, kailalia chensoo kwa kifua chote, jasho linamtiririka, halafu ananigeukia eti kaka hii mashine ni ndogo naomba ile kubwa. Nikamwambia zima. Nikakaa kwenye kisiki nikapiga tupa jino moja moja, nikamrudishia mashine ileile, ikazama kwenye gogo yenyewe bila kusukumwa. Anadhani nimeroga. Na sio yeye wa kwanza, kila wanaoingia wapya ni yaleyale, mnapenda injini, vile vitu vidogo vinavyoifanya injini ifanye kazi mnaviacha kwenye gari. Kwa hiyo naandika mara moja, msome, tusisumbuane saiti.

1. Tupa. Angalia kinachotoka kwenye mkato. Yakitoka maranda, vipande vya kushikika, cheni iko poa. Ukitoka unga, cheni imekufa na unachokata nacho ni mabega yako. (Mti uliokaukia palepale unatoa unga kiasi hata cheni ikiwa kali, najua, msinijie juu.) Na mkiambiwa mnoe mnapeleka tupa mbele nyuma mbele nyuma kama mnapiga mswaki. Tupa inakata ikienda mbele tu! Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua, rudi, sukuma tena, na ufuate ule mstari uliochorwa juu ya jino, cheni nyingi ni digrii 30. Saizi nayo sio ya kubahatisha, cheni ya .325 (ni umbali wa meno yake kwa inchi) kwa kawaida inachukua tupa ya milimita 4.8, ile 3/8 ndogo ya mashine nyepesi inachukua 4.0, boksi la cheni limeandikwa, lisome kabla hujalitupa.

Halafu hesabu. Ukipiga mara tatu jino la kulia, piga mara tatu la kushoto. Kuna fundi wa misitu huko Oregon, Marekani, Joseph Cox, mwaka 1946 alikuwa anapasua kuni akamwona buu anatafuna kisiki, akamchunguza vizuri akaona taya zake zinakata kushoto na kulia kwa zamu. Mwaka uliofuata akatoa cheni ya mtindo huo, na hiyo uliyoshika leo ni mjukuu wake. Sasa wewe unanoa upande mmoja kwa sababu ndio mkono wako unafika vizuri, cheni inakata kwa kupinda, unakuja kuniambia baa (ile bapa ndefu cheni inayozungukia) imepinda. Baa haijapinda bwana.

Na kile kidole kilicho mbele ya jino nacho kinashushwa kadiri jino linavyoisha, ila kwa geji, kiwe chini ya jino kama milimita 0.65 hivi. Ukikishusha kwa macho ukapitiliza, cheni inang'ata kupita kiasi na mashine inaanza kurusha mateke, yaani inaruka ghafla kukurudia. Mateke mengi yanatoka kwenye robo ya juu ya ncha ya baa, hiyo sehemu isiguse kitu usichokiona.

2. Mafuta. Hamsini kwa moja, yaani petroli lita 5 oili ya tustroki mililita 100, labda kitabu cha mashine yako kiseme vingine. Changanya kwenye dumu, sio kwenye tanki la mashine, tikisa kabla ya kumimina, na dumu liandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa sababu petroli tupu ikiingia kwenye mashine pistoni inakwanguka ndani ya dakika chache na hakuna sala ya kuirudisha. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiuamini. Ukijaza, sogea mita tatu ndio uvute stata.

Oili ya cheni sasa. Petroli ikiisha na tanki la oili limebaki limejaa, hiyo sio bahati nzuri eti umebana matumizi, ni kwamba tundu la oili limeziba na baa inaungua. Elekeza ncha kwenye kisiki cheupe, vuta moto, uone kamstari ka oili. Hakaonekani? Fungua, safisha tundu na mfereji wa baa. Na oili chafu ya injini ya gari acheni, ina vumbi la chuma ndani, inasaga pampu, na ile inayorukia ngozini na usoni siku nzima sio kitu cha kucheza nacho.

3. Kabari. Hapa naomba mkae, maana hili ni langu.

Wakati huo nilikuwa nishaanza kuitwa fundi, na hilo jina ndilo lililoniponza. Tulikuwa na mti mkubwa, umenyooka, kwa macho yangu umeegemea kidogo upande tunaoutaka. Kabari zilikuwa kwenye gari, gari liko chini ya mteremko, nikasema ya nini, mti wenyewe unataka kwenda. Nikakata mdomo mbele (lile pengo linaloelekeza mti unakoangukia), msafi kabisa, nikajisifu kimoyomoyo. Nikaingia kata ya nyuma. Nimefika zaidi ya nusu, upepo ukageuka, nikauona mkato ukijifunga polepole mbele ya macho yangu, na mti ukaikalia baa. Mashine ikabanwa. Mtu mwenye akili hapo anazima. Mimi nikavuta moto, klachi ikaanza kutoa moshi, nikavuta mashine kwa mguu nimekanyaga shina, haitoki.

Mpaka hapo ni aibu ya kawaida tu, mashine inakwama, inakwamuliwa. Lakini mzee wetu alikuwa upande wa pili wa shamba na mimi nilitaka akija akute mambo yameisha. Nikachukua chensoo ya mwenzangu, yake mwenyewe, ameinunua kwa jasho lake, nikakata vidole viwili chini ya ule mkato wa kwanza, nikiamini nitaulegeza. Haukulegea kitu. Kile kipande katikati kikakaa, na ya pili nayo ikabanwa. Misumeno miwili, mti mmoja, na ndani kule, hilo nililijua baadaye, kata yangu ya pili ilikuwa imekula bawaba (ile sehemu ya mti isiyokatwa inayoushika mpaka uanguke) upande mmoja. Kwa hiyo mti umesimama, hauna kitu cha maana kinachoushika, upepo unaupapasa, na mimi nimesimama chini yake nafikiria uongo wa kusema.

Mzee akaja. Hakugomba. Akazunguka shina, akaangalia mikia miwili ya mashine imetokeza, akauliza, "Kabari ziko wapi?" Nikasema kwenye gari. Akasema, "Basi gari letu halitaanguka."

Akatuondoa wote, mbali, zaidi ya urefu wa mti mara mbili, akarusha kamba nyembamba yenye uzito mpaka juu, akapandisha kamba ya kazi, ikavutwa kwa winchi ya mkono iliyofungwa kwenye kisiki cha mbali. Mti ukaenda lakini haukwenda tulikotaka, ulijizungusha kwenye kile kipande cha bawaba kilichobaki, shina likateleza nyuma na kutua juu ya mashine moja. Ya mwenzangu bila shaka. Injini ikawa bapa. Niliilipa kidogo kidogo kwenye mshahara, na yeye hakunidai hata siku moja kwa sauti, ila kila asubuhi tukiwa tunapakia vifaa ananiuliza kwa upole kabisa, "Leo kabari zako zimeamkaje?" Mbele za watu. Mpaka alipohamia kazi nyingine bado ananisalimia hivyo kwenye simu.

Sasa nilitakiwa kufanya nini: kabari mbili mfukoni, za plastiki au mti mgumu (za chuma cheni ikizigusa umeumia), na ya kwanza inaingia mara tu mkato ukiwa na kina cha kuimeza bila kugusa cheni, sio ukishaanza kujifunga. Ukibanwa, zima, fungua nati za baa, toa injini uiache baa na cheni ndani ya mti, funga baa nyingine, uendelee kwa akili. Ukikwamua mashine kwenye tawi, kata angalau sentimita 30 kutoka ilipo, upande wa nchani, ili tawi likienda lisiende na mashine. Na mwenzio akikwambia subiri tumwite mzee, subiri mzee aitwe.

4. Suruali ya chensoo. Haifanyi kazi kwa kuwa ngumu, inafanya kazi kwa nyuzi za ndani kuchomoka na kujisokota kwenye gia ya cheni mpaka isimame. Ikishakatwa mara moja imemaliza kazi yake, usiishone. Masikio ziba, wote tunaopiga kelele tukiongea tulikuwa wabishi kama nyie.

5. Juu ya mti. Ukiwasha chensoo huko juu uwe umefungwa sehemu mbili, na mkanda wa kuzunguka shina uwe wenye waya ndani, mashine mikono miwili. Kamba ya kupandia ni ya kupandia. Haishushi magogo, haifungi mzigo, haikai karibu na petroli, na kila asubuhi unaipitisha yote mkononi, sentimita kwa sentimita, ukisikia sehemu ngumu, bapa au iliyong'aa kwa kuungua, haipandi. Kuna mmoja wenu, namhifadhi jina, alitumia kamba yangu ya kupandia kuvuta gari lililozama kwenye matope. Likatoka, akashangiliwa, kesho yake akaja na kamba ileile imekunjwa vizuri kabisa, ameiosha, anataka kuipanda. Kwa macho ilikuwa nzima. Nikaikata vipande mbele yake, akanuna siku nzima, mchana hakula na sisi. Vipande vinafungia madumu mpaka leo na yeye yuko hai ananinunia.

6. Msumeno wa mkono, ule uliopinda. Matawi ya unene wa kifundo cha mkono yanaisha kwa huo kabla hujamaliza kubishana na stata.

7. Jioni. Legeza cheni, ikipoa inasinyaa na ikiwa imekazwa inavuta shafti. Geuza baa juu chini ili isiliwe upande mmoja. Filta ya hewa igongegonge na uisafishe. Asubuhi kaza cheni mpaka ikae vizuri chini ya baa lakini bado unaizungusha kwa mkono ukiwa na glavu, na mpya kabisa iangalie tena baada ya muda mfupi maana inalegea haraka. Haya yote ni robo saa, na ndio muda mnaotumia kutafuta nani kachukua spana ya plagi. Ambayo ni yangu, ina utepe mwekundu, na aliyenayo anajijua, airudishe kwenye boksi kabla sijaanza kupekua mabegi.